Mwalimu wa Sayansi Kimu na Mifupa Yake

Mwalimu hakukaa kwenye kiti chochote kabla ya kukitikisa. Kanisani, benki, msibani, hata sebuleni kwa mchungaji, alishika egemeo kwa mkono mmoja, akalisukuma mbele na nyuma, akasikiliza, ndipo akaketi. Wenye nyumba walichukia. Lakini alikuwa amefundisha sayansi kimu miaka mingi katika jiko la shule ambalo halikuwa na kiti kizima, na alipostaafu aliondoka na mazoea hayo, pamoja na aproni zake na sauti iliyoweza kumsimamisha mtu ng'ambo ya barabara.

Sisi tuliopita mikononi mwake hatukumwita jina. Tulikuwa wengi kiasi kwamba hata ambao hakuwafundisha walimwita Mwalimu. Mume wangu, ambaye hajawahi kushika mwiko maishani mwake, alimwamkia shikamoo huku amevua kofia. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake, kisha nikaolewa Themi, hapa Arusha, nyumba ya pili kutoka kwake, nikawa jirani. Aliendelea kuniita "wewe msichana" hata nilipokuwa na watoto wa kwenda shule.

Alikuwa na mdomo. Muuza nyama wa pale kona alikuwa akimwona anakuja anaanza kufuta ubao wake. Mwalimu alinusa, akabonyeza kwa kidole, akasema mbele ya wateja wote, "Hii ni ya juzi, leo umeiosha tu." Akaondoka. Kesho yake akarudi, akahudumiwa kwanza. Aligombana na msoma mita, na mzee wa kanisa aliyerefusha matangazo, na fundi aliyempaka rangi ukuta mara moja badala ya mara mbili. Hakupandisha sauti. Alikuwa anasimama tu, wima kama mlingoti, mpaka mtu aone aibu.

Ila mbele ya daktari mdomo huo ulifungwa. Kwake daktari alikuja baada ya Mungu na kabla ya serikali. Darasani alituambia mgonjwa mwema ni yule anayemeza bila kuuliza, na mwenzetu mmoja alipouliza kwa nini mtoto mwenye surua asioge, alipigwa mwiko vidoleni. Nilipokuwa mtu mzima niliwahi kumsindikiza kwa daktari wake wa pumu. Nilimwona mwanamke aliyewatetemesha wauza nyama wa Arusha amekaa ncha ya kiti, ambacho kwa mara ya kwanza hakukitikisa, mikono mapajani, anasema, "Ndiyo, Daktari. Sawa, Daktari."

Pumu aliipata kwenye lile jiko la shule. Kuni mbichi, dirisha moja, wasichana arobaini na masufuria. Kifua kilipombana alikuwa anapiga filimbi kwa ndani kama birika. Mwanzoni alitibiwa hospitali ya serikali, ambako mara nyingi dawa ilikuwa jina tu. Halafu ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Kliniki za watu binafsi ziliota mjini kama uyoga, maduka ya dawa yakafunguliwa hata mahali palipokuwa pakiuzwa mafuta ya taa, na huyu daktari akapanga ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa amesoma nje. Alifunga tai hata Jumamosi. Siku Mwalimu alipopelekwa kwake midomo imekuwa ya bluu, alimchoma sindano, na kabla ya adhuhuri mgonjwa akateremka ngazi kwa miguu yake. Hilo lazima lisemwe. Alimwokoa, na Mwalimu hakulisahau, na ndiyo maana yaliyofuata yalikuwa magumu.

Alimpa vidonge vidogo vyeupe. Vilifanya kazi ajabu. Kifua kilifunguka, akaimba tena kwaya. Daktari akamwambia kila akisikia kubanwa ameze, na aache maziwa kwa sababu yanaongeza kohozi. Mwalimu, aliyetufundisha kwamba nyumba isiyo na maziwa ni ghala, akaacha maziwa. Alikunywa chai ya rangi na kumeza vidonge, mwaka baada ya mwaka. Baadaye hakuwa na haja hata ya kupanda ngazi. Duka lolote la dawa lilimuuzia, bila swali, kama pipi.

Uso wake ukajaa. Mashavu yakawa ya duara, yanang'aa. Watu wakampongeza. "Mwalimu, ruksa imekukubali!" Wanawake wa kanisani walisema mwanawe mkubwa, aliyekuwa na duka la vipuri vya magari, anamtunza mama yake vizuri. Mwanawe mwenyewe alifurahi kuambiwa hivyo. Mwalimu alijitazama kwenye kioo cha kabati langu akaniambia, "Msichana, mbona mikono yangu inakonda na uso unanenepa? Nani alishaona chakula kinachagua?" Nikacheka. Wote tulicheka.

Mgongo ulivunjika jikoni kwangu. Nilikuwa nimejifungua mtoto wa tatu, na Mwalimu alikuja kunipikia mtori kwa sababu hakuwaamini wengine kuponda ndizi. Alinyanyua sufuria kutoka kwenye jiko la mkaa, sufuria ya kawaida ambayo mimi mzazi ningeiweza, na nikamsikia akisema "Aa," sauti ndogo, kama mtu aliyekumbuka jambo. Akairudisha sufuria taratibu bila kumwaga. Akashika meza. Jasho likamtoka.

"Mwalimu, vipi?"

"Kuna kitu kimekaa vibaya. Epua wewe."

Daktari wa tai alisema ni misuli. Akampa sindano ya maumivu na vidonge zaidi. Baada ya miezi michache Mwalimu alikohoa kanisani na ubavu ukavunjika, kwa kukohoa tu. Daktari akasema ni umri. Hakuwa mzee. Alikuwa na mama yake mzazi aliyekuwa bado akishuka na kupanda mabonde ya Kilimanjaro na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani.

Halafu akaanza kupungua. Sijui niseme namna nyingine gani. Magauni yake yakawa marefu mbele. Rafu ya chumvi akawa haifikii. Siku moja nilimkuta amesimama mbele yake na kijiti, anavuta mkebe, na aliponiona akakificha kijiti nyuma yake kama mtoto aliyeiba sukari.

Ndipo alipouliza kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekwenda kwa daktari peke yake, na aliponisimulia alikuwa bado amevaa kitambaa cha kutokea.

"Nimemuuliza, Daktari, je, inawezekana hivi vidonge ndivyo vinavyonila? Maana kabla ya vidonge nilikuwa mzima."

"Akasemaje?"

"Akasema, Mwalimu, wewe fundisha watu kupika, mimi niache nitibu."

Alikivua kile kitambaa, akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena. "Akacheka, na nesi naye akacheka. Na mimi nikacheka, msichana. Hilo ndilo linaloniuma. Nimecheka nao."

Aliyempa jina la ugonjwa alikuwa mwanamke, daktari wa mifupa katika hospitali ya misheni huko barabara ya Moshi. Mwalimu alikwenda kwa sababu mke wa mchungaji alivunjika mguu akamsifu. Nilikwenda naye. Yule daktari aliinua picha ya eksirei dirishani, akamwita Mwalimu asogee aone mwenyewe. Akamwonyesha pingili za mgongo zilizobonyea kama mikate iliyokaliwa. Akamwambia mifupa yake imekuwa na matundu ndani, imepoteza uzito, ugonjwa huo madaktari wanauita osteoporosisi, na huwapata wanawake wengi hedhi ikishakoma. Lakini kwake umekuja mapema na kwa nguvu, na vidonge vile vyeupe, kwa muda wote ule, vimechangia sana.

Mwalimu aliigusa ile picha kwa kidole. Kisha akauliza, "Nikiviacha leo?"

"Usithubutu. Mwili umeshavizoea, ukiacha ghafla unaweza kufa. Vinapunguzwa kidogo kidogo, na pumu inashikwa kwa dawa ya kuvuta. Rudi kwa daktari wako wa kifua mpange naye. Yeye ndiye anayekijua kifua chako. Na unywe maziwa, mama."

"Nani kakuambia uniambie ninywe maziwa?" Mwalimu akasema. Yule daktari hakuelewa. Mimi nilielewa.

Alijiandaa kurudi kule ghorofani kama alivyokuwa anajiandaa kwa ukaguzi wa shule. Kwa siku kadhaa aliyasema maneno yake akiwa anachambua mchele barazani, mimi nikiwa daktari. Nikimkatiza ananiambia, "Katiza vizuri, yeye hakatizi hivyo." Alitaka mambo matatu tu: vidonge vipunguzwe kwa mpango, apewe dawa ya kuvuta, na aambiwe ukweli. Hakutaka kugombana. "Mtu aliniokoa," alisema.

Kosa lilikuwa kumruhusu mwanawe ampeleke. Ngazi zilikuwa zinamshinda na mwana alikuwa na gari. Lakini daktari na mwana walikuwa wazee wa kanisa pamoja, na magari ya kliniki yalitengenezwa kwa vipuri vya duka lile. Mimi nilikuwepo kwa sababu Mwalimu alinishika mkono mlangoni hakuniachia.

Daktari alimsikiliza mpaka katikati. Kisha akamgeukia mwana, akaanza kuzungumza Kiingereza. Akasema wanawake wa umri huu huwa na wasiwasi, akasema siku hizi kila mtu amekuwa daktari, akashauri apewe kitu cha kumtuliza alale. Mwana akawa anaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo.

Mwalimu, aliyefundishwa Kiingereza na wamisionari, akajibu kwa Kiswahili. "Daktari, nimesikia. Silali vibaya. Nimekuja kuuliza juu ya mifupa. Mifupa ni yangu, si ya mwanangu."

"Mama," mwana akasema.

"Ngoja. Namuuliza. Wakati ulipokuwa unanipa dawa hii, ulijua inakula mifupa?"

Feni ilikuwa inazunguka. Daktari akafunga kalamu yake.

"Mwalimu, usingekuwa hai kuniuliza hilo swali kama si mimi."

"Ni kweli. Nakushukuru. Sasa nijibu."

"Kama huniamini, wako madaktari wengi. Ni soko huria siku hizi."

Mwana alisimama kabla mama yake hajasimama. "Samahani sana, Daktari. Mama amechoshwa na maumivu, hajui anachosema." Akamshika mama yake begani, si kwa ukali, kama mtu anayemwondoa mlevi harusini. Mwalimu aliteremka zile ngazi moja moja, mkono ukutani. Kwenye gari mwana akasema, "Umeniaibisha." Mwalimu akamjibu, "Nimesikia uchungu kukuzaa, nimesikia na huu." Akatazama nje.

Tangu hapo gari halikupatikana. Mara limeharibika, mara lina safari. Binti yake aliyekuwa Dar es Salaam alipiga simu dukani kwa kaka yake kumuuliza mama kama sasa anajua kuliko wasomi. Kanisani wanawake wa kikundi chake walimwombea apewe roho ya utii, wakimwombea kwa sauti na yeye akiwa katikati yao. Mmoja alimwambia kwamba Mungu humpinda anayejivuna. Mwalimu alimjibu, "Basi wewe ungekuwa umeshakuwa kikapu." Hilo alilisema kwa furaha ya kweli, na likamgharimu kikundi.

Yule daktari wa mifupa akakubali kupanga naye, ingawa kifua hakikuwa kazi yake. Mwalimu alikwenda kwa basi, kiti cha mbele, mto mgongoni, akimwambia dereva wazi kwamba mgongo wake umevunjika na mashimo ayapite polepole. Madereva wengine walipunguza mwendo. Wengine waliongeza redio. Vidonge vilishushwa taratibu sana, na kila viliposhuka alilala siku mbili tatu hajiwezi, viungo vinamuuma kama vya mtu aliyepigwa. Dawa ya kuvuta ilitoka Nairobi mpaka ilipoanza kupatikana hapa. Akanywa maziwa, akatembea asubuhi kandokando ya mto, fimbo mkononi, akiwa hajanyooka.

Naandika hivi ili mtu asije akadhani alishinda. Uso ulirudi ukawa wake, mifupa mingine haikuvunjika kwa muda, kifua kilitulia. Lakini mgongo uliokwisha kubonyea haukuinuka tena. Mbavu zilikaribia nyonga, tumbo likakosa mahali pa kukaa, akawa anakula kidogo kidogo kama ndege. Aliyekuwa anasimama wima mpaka watu waone aibu sasa alizungumza na vifungo vyao. Muuza nyama wa kona aligundua. Akaanza tena kumuuzia ya juzi.

Na hakuwa mtakatifu wa maswali. Mjukuu wake wa kike alipomuuliza kwa nini wavulana hawaoshi vyombo alimwambia afunge mdomo. Nilimtazama. Akasema, "Nini? Hayo ni mambo mengine." Na kwa mwanawe alikuwa mkali kupita kiasi. Mwana alipoleta unga na sukari mwisho wa mwezi aliviacha barazani mpaka jioni, majirani waone kwamba havikupokelewa. Mwana naye hakuwahi kuomba radhi. Alipaka nyumba ya mama yake rangi, akaweka bomba ndani, akanunua kochi. Mwalimu alilitikisa lile kochi akasema limelegea.

Lililokuwa jipya ni kwamba alianza kuwasumbua wanawake wengine. Akimwona mtu ametoka duka la dawa na kifuko cha karatasi, anamsimamisha. Hii ni ya nini? Ikikudhuru utajuaje? Ulimuuliza aliyekuuzia? Wengi walisema ndiyo ili wapite. Wengine walivuka barabara wakimwona anakuja, na kwa sababu alikuwa anatazama chini walidhani hawaoni. Alikuwa anawajua kwa viatu. Dada mmoja mwenye pumu kama yake, jirani yetu, nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Mwalimu ana chuki na yule daktari tu. Mimi vimenisaidia, tazama nilivyonenepa." Yule dada naye sasa anatembea na fimbo.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ilikuwa Kikatiti, nje ya Arusha, kwenye mazishi ya mwalimu mkuu wetu wa zamani. Nilimpeleka mimi. Siku ile mlima Meru ulikuwa wazi mpaka juu, na watu walikuwa wengi, shamba lote la migomba nyuma ya nyumba limejaa magari. Baada ya kuzika, tulipanga foleni ya chakula. Mwalimu alinigusa kiwiko.

"Kile kiatu," akasema. "Cheusi, chenye kamba. Mtazame mwenye nacho."

Alikuwa yeye. Alikuwa amestaafu, kliniki ameiuza, nywele zote nyeupe, tai ileile au nyingine kama hiyo. Alikuwa anacheka na mchungaji, sahani mkononi. Nilimwambia Mwalimu twende tukakae, nitamletea chakula. Hakunisikiliza. Akanishika mkono, tukapita kando ya foleni mpaka alipo.

"Shikamoo, Daktari," akasema, ingawa hawakuzidiana sana umri.

"Marahaba, marahaba, mama. Hujambo? Tumewahi kuonana?"

Nilihisi vidole vya Mwalimu vinanibana. Miaka yote ile alikuwa amejiandaa kwa mtu anayemkumbuka.

"Nilikuwa mgonjwa wako. Wa pumu. Wa vidonge vyeupe."

"Oo! Wagonjwa wangu walikuwa wengi, mama, nisamehe. Lakini unaonekana mzima! Kifua hakisumbui?"

"Kifua ni kizima. Vidonge vilimaliza mifupa. Nilikuuliza, ukaniambia nifundishe watu kupika."

Mchungaji akaanza kutazama sahani yake. Daktari hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alishusha sauti, akasema kwa upole wa mtu anayemfariji mtoto, "Mama, tuliwatibu kwa tulichokuwa tunakijua wakati ule."

"Ndiyo maana nilikuuliza," Mwalimu akasema. "Ili ujue."

Nyuma yetu mtu alikuwa anaomba kupitishiwa pilipili. Mwalimu alisubiri. Alikuwa ameinua shingo kadiri ilivyoweza kwenda, lakini haikuvuka kifungo cha tatu cha shati la yule mzee. Ili wapate kutazamana, ingebidi daktari ainame kidogo tu, kama anavyoinama mtu kufunga kamba ya kiatu.

Foleni ikasogea, na daktari akasogea nayo.